SOMO LA KARAKANA: KUCHAGUA VIUNGIO VYA MIPIRA YA UPEPO VITAKAVYODUMU

Trekta la chama limesimama mbele ya karakana. Mvua za kwanza zimekwisha kulowesha ardhi ya Ngorongo, na wanachama walioandikisha ekari zao wanasubiri zamu. Tairi la nyuma halina upepo. Kompresa inanguruma na mshale wa kipimo unapanda, lakini kila fundi anapochomeka mpira wa upepo mahali pake, kiungio kinafoka na kuchomoka. Fundi anakifunga kwa waya, waya unakatika. Mwishowe anatumwa kijana kwa pikipiki kwenda Ikwiriri kutafuta kiungio kingine, naye anarudi jioni na kile alichokikuta dukani, ambacho nacho hakiingii. Siku nzima ya kulima imepotea kwa sababu ya kitu kisichozidi kidole gumba.

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo, ila hapana shaka makatibu wengi wataukumbuka kana kwamba waliuona. Katika vyama vyenye trekta, mashine ya kukoboa mpunga au mashine za kupulizia mikorosho, upepo wa kompresa hutumika kujaza matairi, kusafisha vichujio na rejeta, kupaka rangi na kufungua nati zilizoshika kutu. Kompresa hununuliwa kwa mjadala mrefu wa bodi. Viungio hununuliwa na yeyote aliyetumwa mjini siku hiyo. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

SEHEMU ZA KIUNGIO

Kiungio kinachozungumzwa hapa ni kile kinachochomekwa na kuchomolewa kwa mkono bila spana. Kina sehemu mbili. Ya kwanza ni pana, ina ukosi unaovutwa nyuma, na ndani yake mna gololi ndogo za chuma, springi, pete ya mpira, na kizibo kinachofunga njia ya upepo mara kiungio kinapoachanishwa. Ya pili ni nyembamba, ina mfuo shingoni. Ikisukumwa ndani, gololi huzama katika mfuo huo na kuishika. Mafundi huziita jike na dume. Majina hayo ni mazuri, lakini huleta mchafuko dukani, kwa kuwa hesi nazo zina jike na dume, na yaweza kabisa kupatikana dume lenye hesi za jike. Kwa hiyo katika somo hili sehemu pana itaitwa kipokezi, na ile nyembamba itaitwa ncha.

Kizibo kimo ndani ya kipokezi tu. Ncha ni tundu lililo wazi. Kutokana na jambo hilo huja kanuni ya kwanza: kipokezi hukaa upande unakotoka upepo, na ncha hukaa upande unakokwenda. Kwenye kompresa kiwekwe kipokezi. Mpira uwe na ncha upande wa kompresa na kipokezi upande wa pili. Na kila kifaa cha kazi kiwe na ncha yake. Fundi aliyegeuza mpangilio huu ataona, siku atakapochomoa kifaa, mpira ukirukaruka sakafuni kama nyoka aliyepigwa, huku upepo wote wa tangi ukimwagika. Mpira wa namna hiyo unaweza kumpasua mtu jicho.

KUINGIA SI KUSHIKA

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui ni kwamba viungio hivi vina sura mbalimbali, na kwamba sura hizo zinafanana mno kwa macho. Ipo sura inayotumika sana katika viwanda vya Marekani, ipo nyingine ya karakana za magari za huko huko, ipo ya Ulaya yenye tundu pana zaidi, ipo ya Uingereza, na ipo ya Japani ambayo viwanda vya China vimeiiga kwa wingi. Zote huuzwa kwa jina la robo inchi. Tofauti yake ni urefu wa ncha, unene wa kichwa chake, na mahali mfuo ulipochongwa; mara nyingine ni milimita moja au mbili tu.

Ncha ya sura moja ikichomekwa katika kipokezi cha sura nyingine, moja kati ya mambo matatu hutokea. Huenda isiingie kabisa, na hilo ndilo jambo jema kuliko yote, maana kosa linaonekana mara moja. Huenda ikaingia na kushika lakini ikavuja, kwa sababu haifiki kwenye pete ya mpira. Au huenda ikaingia, ikaonekana imeshika, kisha ikachomoka ghafla upepo unapopanda. Hili la tatu ndilo la hatari, na ndilo linalowafanya mafundi wafunge waya.

Viungio vya sura ya Japani, pamoja na vile vya China vilivyoigwa kwake, hupigwa alama za herufi mbili na tarakimu, na yafaa katibu azijue kusoma. Herufi ya kwanza ikiwa S, kitu hicho ni kipokezi. Ikiwa P, ni ncha. Herufi ya pili hueleza namna kinavyofungwa: M ni hesi za nje, F ni hesi za ndani, H ni shina lenye mikato la kuingizwa ndani ya mpira, na P ni la mpira mgumu wa plastiki unaobanwa kwa nati. Tarakimu 20 ni robo inchi, 30 ni inchi tatu kwa nane, 40 ni nusu inchi. Hivyo SM20 ni kipokezi chenye hesi za nje za robo inchi, na PH30 ni ncha ya kuingizwa katika mpira wa inchi tatu kwa nane. Alama hizo zikiandikwa kwenye hati ya kununulia, hata mtumwaji asiye fundi hatakosea kitu anachotakiwa kuleta.

Kwa kuwa vifaa vingi vya bei ya wastani vinavyouzwa nchini hutoka China, sura hii ya mwisho ndiyo yenye kuelekea kupatikana kwa urahisi. Lakini chama ambacho tayari kina vipokezi vizuri vya sura nyingine hakina sababu ya kuvitupa. Lililo kubwa ni kwamba karakana iwe na sura moja, si mbili; na vyama vinavyoazimana vifaa vikubaliane sura moja vyote.

MOTO WA BALTIMORE

Atakayeona kwamba hilo la vyama kukubaliana ni kukuza jambo dogo na atazame yaliyotokea Marekani mwezi Februari 1904. Moto ulizuka katikati ya mji wa Baltimore. Miji jirani haikuchelewa: vikosi vya zimamoto vilitoka Washington, Philadelphia, New York na kwingineko, vingine vikipakia farasi na mashine zao katika treni. Walipofika walikuta maji yapo, mabomba ya barabarani yapo na mipira wanayo, lakini hesi za mipira yao hazikulingana na hesi za mabomba ya Baltimore. Wakati ule kila mji ulikuwa na hesi zake, na kila mji uliona zake ndizo. Moto uliwaka kwa muda wa saa 30 hivi ukateketeza majengo zaidi ya 1,500. Mwaka uliofuata kipimo kimoja cha taifa kilipitishwa, ingawa miji mingi ilisita kwa miaka kukifuata, kwa kuogopa gharama ya kubadili vifaa ilivyokwisha nunua.

Ngorongo hakuna mji wa kuungua kwa namna hiyo. Lakini fundi akitoka chama cha jirani na bunduki yake ya kufungulia nati, akakuta ncha yake haiingii katika mpira wa wenyeji, hali ni ile ile: msaada umefika, ila hauna pa kushika.

HESI

Baada ya sura, hesi. Ncha na kipokezi vinaweza kuwa vya sura moja, na bado vikashindikana kwa sababu hesi za kuvifungia kwenye kifaa au kwenye kompresa ni tofauti. Asili yake ni ya zamani. Mhandisi Mwingereza, Joseph Whitworth, alipendekeza mwaka 1841 hesi za namna moja kwa nchi yake nzima, zenye pembe ya digrii 55, na hesi za mabomba za Kiingereza zikafuata pembe hiyo. Wamarekani wakashika njia yao, yenye pembe ya digrii 60. Tanzania ilirithi mabomba ya Kiingereza, ambayo hesi zake zinajulikana kwa herufi BSP. Zile za Kimarekani huandikwa NPT.

Katika robo inchi, hesi ya Kiingereza ina mizunguko 19 kwa inchi, ya Kimarekani 18. Zikilazimishwa huenda zikaingia mizunguko miwili au mitatu, kisha zikakaza. Fundi asiye na subira huongeza nguvu ya spana, na shaba ikaharibika. Katika nusu inchi mtego ni mbaya zaidi, kwa sababu zote mbili zina mizunguko 14 kwa inchi: zinaingiana vizuri, zinakaza vizuri, lakini pembe hazilingani na upepo hupita polepole siku zote. Utepe mweupe wa kuzibia hausahihishi kosa hilo; huuficha kwa wiki chache tu.

Ifahamike pia kwamba hesi ya robo inchi haina upana wa robo inchi. Ikipimwa kwa nje ni kama milimita 13, kwa kuwa jina lilitokana na tundu la bomba, si na unene wake. Wauza duka wasiojua hili hupima kwa rula na kumpa mnunuzi kitu kisicho chake kwa nia njema kabisa.

SHABA AU CHUMA

Swali linaloulizwa mara nyingi ni lipi lidumulo zaidi, shaba ya manjano au chuma cha pua. Jibu hutegemea ni sehemu gani, na hutumika wapi.

Ncha ndiyo inayosuguliwa. Kila ikichomekwa gololi huisugua shingoni, na kama imefungwa kwenye bunduki ya nati hutikiswa maelfu ya mara kwa dakika. Shaba ni laini. Mfuo wake hulika ukawa mviringo, na ncha huanza kucheza. Kwa hiyo ncha za vifaa vinavyotikisika ziwe za chuma kigumu. Kipokezi hakisuguliwi kwa namna hiyo mwilini mwake, ila adui yake ni kutu, hasa ndani, kwenye springi na ukosi. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Kompresa inapoikandamiza, unyevu huo hugeuka maji tangini na kusukumwa mpaka kwenye viungio. Kwa vyama vya bara kidogo, kama Ngorongo na Mkongo, kipokezi cha chuma kilichopakwa zinki kinafaa iwapo tangi linatolewa maji kila siku. Kwa karakana za upande wa delta, kama Nyamisati, ambako hewa ina chumvi, kipokezi kiwe na mwili wa shaba hata kama bei yake ni kubwa zaidi. Chuma kisichoshika kutu kinafaa kote, ila kwa bei zake ni anasa kwa chama cha msingi.

Dukani kuna njia rahisi ya kutambua. Sumaku hainasi shaba, bali hunasa chuma. Lakini hapa pana hila: viko viungio vya madini laini ya zinki vilivyopakwa rangi ya manjano, navyo havinaswi na sumaku. Vikikwaruzwa kwa ncha ya msumari mahali pasipoonekana, huonyesha weupe chini ya umanjano, ambapo shaba halisi ni ya manjano mpaka ndani. Muuzaji anayekataa kiungio chake kikwaruzwe amekwisha kulijibu swali.

Mnunuzi pia achomeke ncha na kuitikisa upande kwa upande. Kucheza kidogo ni kawaida. Kuyumba si kawaida. Ukosi urudi wenyewe kwa nguvu unapoachiwa. Achungulie ndani aone pete ya mpira imekaa sawa, haina mkato. Na aulize kama pete hizo huuzwa peke yake, kwa maana pete ndiyo inayokufa kwanza, na kipokezi kizuri chenye pete ya kubadilishwa kitaishi kuliko vipokezi vitatu vya kutupa.

Bunduki ya nati inahitaji neno moja zaidi. Kiungio kisifungwe juu yake moja kwa moja. Kati yake na kiungio uwekwe mpira mfupi wa urefu wa nusu mita hivi, ili mtikisiko ufie katika mpira huo na uzito usining'inie kwenye shingo ya ncha. Mpira mkuu uwe na tundu la inchi tatu kwa nane. Bunduki nyingi za nusu inchi hutaka upepo wa paundi 90 kwa inchi ya mraba wakati zinafanya kazi, na mpira mwembamba au kiungio chenye tundu dogo huzinyima upepo hata kompresa ikiwa na nguvu. Fundi husema bunduki imechoka, kumbe imekabwa koo.

UPEPO UNAOPOTEA

Upepo hauonekani, na pengine ndiyo sababu hauingizwi katika hesabu. Lakini umenunuliwa, ama kwa umeme ama kwa petroli. Tundu la milimita 1.6, yaani kama unene wa kichwa cha pini kubwa, katika paundi 100 kwa inchi ya mraba hupitisha kadiri ya lita 180 za hewa kwa dakika. Kompresa ndogo ya nguvu za farasi 2 hutoa takriban kiasi hicho hicho. Maana yake ni kwamba viungio vibovu vinne au vitano, kila kimoja kikivuja kidogo, vinaweza kwa pamoja kuifanya kompresa izunguke kutwa bila kujaza tairi moja.

Kupima si kazi ngumu, wala haihitaji mtaalamu kutoka mjini. Tangi lijazwe, vifaa vyote viwekwe chini bila kutumika, mashine izimwe, na saa itazamwe. Tuseme tangi ni la lita 200, na katika dakika 20 mshale umeshuka kutoka bar 8 hadi bar 6. Lita 200 zizidishwe kwa bar 2 zilizopotea, zigawanywe kwa dakika 20: upepo unaovuja ni lita 20 kila dakika. Ikiwa kompresa hutoa lita 200 kwa dakika, sehemu moja katika kumi ya jasho lake inamwagika. Mahali penyewe panapovuja hupatikana kwa povu la sabuni na brashi. Povu likivimba shingoni mwa kiungio, pete imekwisha. Likivimba kwenye hesi, utepe ufungwe upya, mizunguko mitatu kwa mwelekeo wa kukaza, mzunguko wa kwanza wa hesi ukiachwa wazi ili vipande vya utepe visiingie ndani.

Upepo usitumike kupulizia vumbi la mpunga mwilini au kwenye nguo zilizovaliwa, ingawa katika vinu jambo hilo ni la kila siku. Upepo wa kompresa hupenya ngozi iliyojeruhiwa na kuharibu jicho na sikio. Na kabla ya kuachanisha kiungio chochote, vali ya kompresa ifungwe na upepo uliobaki mpirani utolewe.

KAZI YA KATIBU

Fundi ndiye anayejua, lakini katibu ndiye anayenunua, au ndiye anayetoa fedha na hati. Kwa hiyo maarifa haya yasibaki karakanani. Bodi ya chama ipitishe sura moja na hesi ya namna moja, na uamuzi huo uandikwe katika kumbukumbu za kikao, ili asije katibu mwingine au fundi mwingine akaanza upya kwa kupenda kwake. Leja ya vifaa iwe na mstari wa viungio kama ilivyo na mstari wa vichujio vya mafuta. Katika makisio ya mwaka zitengwe fedha za pete za mpira na ncha za akiba. Ni fedha ndogo, na mkutano mkuu hautazipinga ukielezwa siku ya trekta inavyopotea.

Akiba hiyo iwe stoo kabla ya masika. Barabara za udongo za Rufiji hazimngoji mtu, na mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoikumba Rufiji na Kibiti yalionyesha jinsi safari ya siku moja inavyoweza kuwa ya wiki. Kwa karakana yenye kompresa moja na mipira miwili, vipokezi viwili, ncha sita, pete kumi na mbili, vibano vya mpira sita na tepe tatu vinatosha kuvuka msimu.

Kwa chama ambacho tayari kina mchanganyiko wa sura mbili au tatu, njia isiyo na gharama kubwa ni kubadili ncha zote kwa siku moja, kwa sababu ncha ni nyepesi kwa bei, na kuacha vipokezi vya sura iliyochaguliwa peke yake. Vile vya sura nyingine vitiwe katika kopo, vifungwe, viandikwe. Vikiachwa mezani vitarudi kwenye mpira kabla ya Ijumaa.

Na anapotumwa mtu Ikwiriri, Kibiti, au Gerezani mjini Dar es Salaam, asiende na maneno matupu. Achukue ncha moja nzima ya chama na kipokezi kimoja kizima, vimefungwa kwa kamba pamoja na hati ya kununulia. Kila kitu atakachouziwa akichomeke hapo hapo mbele ya muuzaji, na hesi azijaribu kwa vidole mpaka ziingie mizunguko minne bila spana. Viungio hivyo vya mfano visitumike kwa kazi nyingine yoyote. Vikae katika droo ya katibu, pamoja na mhuri.